Filta ya Kumi na Mbili

Tangu toleo la wiki iliyopita tumeuacha msumeno wa Mama Spana hewani, na najua mmenisema. Haya, leo unashuka.

Mama Spana alikaza jiriwa mara ya mwisho. Katikati yake filta ya oili ya teksi ilikuwa imebanwa, nyeusi, ikidondosha tone moja moja juu ya meza ya kazi. Wenye magari wanne walikuwa wamemzunguka. Nyuma yao, ndani ya gereji, magari yao manne yalisimama boneti wazi, yote injini zimenoki. Yote yalikuwa yamepita mikononi mwake kubadilishiwa oili na filta, ndani ya wiki mbili tu.

"Kata," alisema mwenye teksi, ambaye tangu asubuhi alikuwa mkali kuliko wenzake wote. "Ukiikuta nzima, kosa ni lako. Gereji inafungwa leo, na ufunguo naondoka nao mimi."

"Na nikiikuta mbovu?"

"Kata kwanza. Maneno hayakati chuma."

Mama Spana aliitupia jicho saa ya ukutani. Saa tatu na dakika tano asubuhi. Bado dakika arobaini mumewe apite hapo nje na gari la wafanyakazi, akiwashusha watu wa zamu ya usiku kutoka kiwandani, kule juu mlimani. Kila siku saa nne kasoro robo alipiga honi tatu fupi mbele ya gereji, na mkewe alimjibu kwa kugonga pipa tupu la oili na spana. Leo je, akipita atakuta mke au atakuta kufuli?

Akakata.

Chuma kilipiga kelele, kikalegea, kikaachia. Mama Spana akaliinua lile kopo la filta, akaligeuza, akaingiza vidole viwili ndani.

Mwenye macho haambiwi tazama. Karatasi ya filta, ambayo ilitakiwa isimame imara kwa mikunjo yake, ilikuwa imebanduka kwenye gundi. Ilikuwa imenyong'onyea na kujisokota, ikaziba tundu la katikati kabisa. Akaibonyeza kwa kidole gumba. Ikachanika kama karatasi ya msalani.

"Injini zetu zilikuwa zinakunywa nini, sasa?" aliuliza mwalimu mstaafu, yule mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Hazikuwa zinakunywa, Mwalimu. Oili inafika hapa, inakuta mlango umefungwa. Vyuma vinasagana vikavu mpaka vinang'ang'aniana."

Mama Spana alidhani amepona.

"Sawa," mwenye teksi alisema taratibu. "Filta ni mbovu. Nani aliyeifunga?"

Msomaji wangu, swali hilo lilimpata palepale alipokuwa hana ngao. Kwa sababu huyu mwanamke alikuwa na desturi moja iliyomjengea jina mjini. Kila katoni ya filta ilipoingia gerejini, filta moja hutolewa mhanga. Inabanwa kwenye jiriwa, inakatwa, inakaguliwa, ndipo nyingine zinafungwa kwenye magari ya watu. Mafundi wenzake walimcheka kwamba anakata hela kwa msumeno. Yeye alicheka nao na akaendelea kukata.

Katoni hii hakuikata.

Haikukatwa kwa sababu ilitoka kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka la spea ng'ambo ya barabara. Na shemeji huyo ndiye kitinda mimba wa mama mkwe. Na mama mkwe, siku ya harusi, miaka tisa iliyopita, alisema mbele ya watu wote: "Sikujua kama mwanangu anaoa mtu wa kulala chini ya magari." Tangu siku hiyo alipeleka pikapu yake kwa mafundi wengine wote wa mjini, wazuri kwa wabovu. Ni mara moja tu, miezi mitatu iliyopita, pikapu ilipomzimikia mvuani mbele ya gereji, ndipo mkwe wake alipoigusa. Hata siku hiyo alikaa ndani ya gari, vioo juu, mpaka kazi ikaisha, akaondoka bila hata asante.

Sasa ukichukua mali ya kitinda mimba wa mtu kama huyo ukaikata kwa msumeno kuitafutia ubovu, si utakuwa umetangaza vita? Mama Spana aliona aibu. Akafunga filta zikiwa kama zilivyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

"Ni mimi niliyezifunga," alisema. "Zimetoka duka la ng'ambo. Kwa shemeji yangu."

"Nani kanitaja?"

Shemeji mwenyewe alikuwa mlangoni. Shati jeupe limepigwa pasi mpaka makwapani, kalamu mbili mfukoni. Alikuwa ameona watu wamejaa, akavuka barabara kuja kuonja habari.

Mwenye teksi alimtupia ile karatasi iliyochanika. Shemeji aliipisha ianguke.

"Hii haijatoka dukani kwangu."

"Shemeji!" Mama Spana alishtuka.

"Samahani, shemeji, lakini ukweli usemwe. Mimi nakuuzia mali halisi. Kama unaokota vitu barabarani halafu unatumia jina la duka langu, hilo ni lako. Una ushahidi gani? Boksi liko wapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama Spana alimtazama kijana aliyekula kwake sikukuu zote. Maboksi hayakuwepo. Hakuna hata moja lililobaki gerejini, na shemeji alilijua hilo vizuri.

Alilijua kwa sababu kila mtu alijua. Hapo gerejini spea ya zamani ikitolewa, inaingizwa kwenye boksi la ile mpya na mwenye gari anakabidhiwa mkononi, ili pasiwe na wa kusema kaibiwa. Watu huondoka nayo, na njiani huitupa.

"Umeona?" shemeji aliwageukia wale wanne. "Hana."

Mwenye teksi akanyoosha mkono kwenye msumari ulipotundikwa ufunguo wa gereji.

"Subiri, kijana," alisema mwalimu mstaafu.

Mwalimu alikwenda kwenye gari lake bila haraka, akafungua buti. Mkewe, alieleza huku akichakura, alikuwa amemlilia miaka thelathini kwamba nyumba imejaa takataka, kwa hiyo sasa takataka zake zote anazihifadhi humo. Akatoa mwavuli usio na kitambaa. Akatoa redio isiyo na tumbo. Akatoa boksi dogo la bluu.

Aliliinua karibu na miwani, akasoma kwa sauti ya darasani. Lilikuwa na muhuri wa duka la ng'ambo ya barabara, jina na namba ya simu. Chini ya muhuri palikuwa na saini kwa wino mwekundu. Ndani yake ilikaa filta ya zamani ya Mwalimu, na Mama Spana aliitambua palepale.

Macho yote yalihamia kwenye zile kalamu mbili mfukoni mwa shemeji. Moja ilikuwa nyekundu.

"Shemeji," alisema Mama Spana kwa sauti ya chini, "niambie sasa hivi, kabla huyu baba hajakukamata shati."

Shati lilikuwa limeshakamatwa. Mwenye teksi hakuwa mtu wa kungoja aalikwe.

"Zililetwa na mtu wa begi, mchuuzi wa kupita!" shemeji alipaza sauti. "Katoni moja tu! Nilijua zina walakini, herufi zimekaa upande. Lakini sikujua zinaua injini, haki ya Mungu sikujua! Nikasema nitampa shemeji, yeye ni fundi mzuri, hata kitu kibovu kikipita kwake..."

"Kikipita kwangu kinapona?"

Shemeji akainamisha kichwa.

Mama Spana hakupoteza muda kumtukana. Matusi atayapanga baadaye, na atayapanga vizuri. Aligeukia ubao wake ukutani. Kila gari lililofungwa filta liliandikwa hapo kwa chaki, na siku yake. Akahesabu kwa kidole tangu siku katoni ilipofunguliwa. Manne haya yamekwisha kufa. Saba bado yako barabarani.

"Toeni simu zenu," aliwaambia wenye magari. "Mwalimu, piga hizi mbili. Wewe hizi. Waambieni wazime gari hapo hapo walipo. Wasiseme nimebakiza kilomita moja. Wazime."

Ajabu ya watu ni hii: dakika tano zilizopita walitaka kumfungia gereji, na sasa wote wanne walikuwa wameinamia simu zao wakipiga kelele za "zima gari, zima gari" kwa watu wasiowafahamu. Mmoja alijibu kutoka sokoni. Mmoja alikuwa bado kitandani, gari liko uani. Mmoja alibisha, mwenye teksi akamnyang'anya Mwalimu simu na kumweleza kwa lugha ambayo gazeti hili haliwezi kuichapa. Akaelewa.

Saba wakapatikana. Mama Spana akapumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Halafu akasimama.

Nne na saba ni kumi na moja.

"Katoni ina filta kumi na mbili," alisema. "Mimi uliniuzia kumi na moja, ukaniambia moja ilibonyea. Shemeji, ya kumi na mbili iko wapi?"

Uso wa shemeji ulipauka.

"Nilimpa mama."

"Mama yupi?"

"Mama yetu. Juzi asubuhi. Oili ya pikapu ilikuwa imefika wakati wa kubadilishwa, nikampa filta, zawadi, akafungiwe na fundi wa mtaani kwake." Akameza mate. "Leo kapakia mayai. Anapanda mlimani."

Mnaoijua barabara ya mlimani hamhitaji kuelezwa. Kwa msioijua: ni kona saba, upande mmoja ukuta wa mawe, upande mwingine hakuna kitu. Injini ikifia pale, gari linaanza kurudi nyuma lenyewe, na breki inakuwa ngumu kama jiwe, maana ni injini inayousaidia mguu wa dereva.

"Mpigie!"

Shemeji akabonyeza. Wote wakasikiliza. Simu ikaita, karibu mno. Iliita ndani ya mfuko wa suruali ya shemeji mwenyewe.

"Nilimchukulia jana," alinong'ona, "kubadilisha kioo."

*

Gereji ilikuwa na gari moja tu zima, lile la kuvutia magari yaliyoharibika. Lilikuwa zee, zito, la kijani lililofifia, na jina lake lilikuwa Punda. Filta yake ilikuwa kubwa kama kopo la rangi na haikutoka kwa shemeji wa mtu yeyote. Mama Spana aliliwasha. Punda akaruka mbele na kumgongesha shemeji, aliyekuwa ameshapanda, kichwa kwenye kioo.

"Asante ya punda ni mateke," alisema mwenye teksi, naye akapanda na kujibana upande wa pili.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Gari langu si mmeliua? Nina kazi gani nyingine leo?"

Wakatoka. Mama Spana aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine unampigia mumewe. Yeye ndiye atakayekuwa anashuka wakati huu, ataiona pikapu ya mama yake mbele kwa mbele, atamsimamisha. Simu ikalia mpaka ikakatika. Akapiga tena. Hakuna. Mumewe alikuwa na desturi ya kuifungia simu kwenye kisanduku akishika usukani, na aliyemfundisha desturi hiyo, akamgombeza mwezi mzima mpaka ikamkaa, ni Mama Spana mwenyewe.

Kona ya kwanza. Ya pili. Punda aliguna, akapanda.

"Huwa anakwenda kasi?" mwenye teksi aliuliza.

"Mama akibeba mayai," alijibu shemeji, "konokono humpigia honi."

Hakuna aliyecheka. Mama Spana alikuwa anatafuta mstari wa oili barabarani. Alikuwa anatafuta maganda ya mayai. Miaka tisa alikuwa amemnunia mwanamke yule na kununiwa, na sasa alijikuta anasema kimoyomoyo, Mungu wangu, nipe tu nimkute amesimama ananitukana.

Kona ya nne ilifunguka mbele yao.

Pale penye uwanja mdogo wa kupumzishia magari pikapu nyeupe ilikuwa imesimama. Boneti lilikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu.

"Mama!" shemeji alilia, akafungua mlango kabla Punda hajasimama.

"Unamwita nani kwa sauti hiyo? Mimi kiziwi?"

Mama mkwe alitokea nyuma ya pikapu, kamba mkononi, kanga imekazwa kiunoni. Alikuwa anakaza trei za mayai. Boneti, alisema, hulifungua kila akifika hapo, injini ipate hewa, na watu wazima na akili zao wanapiga kelele za nini?

Shemeji alimkumbatia akimlilia begani. Mama Spana hakukumbatia mtu. Alipita moja kwa moja mpaka kwenye injini, akalala kifudifudi juu ya ukingo wa mbele wa gari na kuingiza mkono chini, kwenye filta. Kichwa kikafuata. Akatazama.

Akatazama tena.

Nimewaambia desturi mbili za fundi huyu. Ya tatu ndiyo waliyomchekea kuliko zote. Kila filta aliyoifunga, kila nati aliyoikaza, aliichora mstari mmoja kwa rangi nyekundu ya kucha, mstari unaoanzia kwenye filta na kuishia kwenye mwili wa injini. Ikilegezwa hata kidogo, mstari hukatika na unaona.

Mstari ulikuwepo. Mwekundu, mzima, haujakatika. Ilikuwa ni filta aliyoifunga yeye, siku ile ya mvua, miezi mitatu iliyopita, kabla ya ile katoni kuzaliwa.

"Mama," alisema, akiinuka taratibu. "Filta aliyokupa shemeji juzi. Hukufungiwa?"

Mama mkwe alitazama pembeni. Alionekana kama mtu aliyeshikwa anakula kwa jirani.

"Fundi wa mtaani alikuja. Akaleta spana yake. Akainama pale, nami nikaona hako kamstari kako. Nikamwambia badilisha oili, lakini hapo usiguse." Akaipigapiga vumbi kanga yake, ambayo haikuwa na vumbi. "Tangu uiguse hii gari haijanizimikia. Kitu ulichofunga wewe sijakiona kikilegea. Basi. Nimesema. Msinitazame hivyo."

Miaka tisa. Mama Spana alitaka kucheka, alitaka kulia, alitaka kumwambia mwanamke huyu arudie tena polepole ili ayahifadhi neno kwa neno. Lakini kichwani ile hesabu ilikuwa bado inamgonga.

"Zile filta ni mbovu, Mama. Karatasi yake inabanduka, gundi haivumilii joto. Magari manne yameshakufa."

"Mbovu?" Mama mkwe akamtazama mwanawe, kisha mkwe wake. "Wewe si unazikata? Mji mzima unajua unakata. Kwa nini hukukata moja?"

"Zilitoka kwa mwanao."

Mama mkwe alielewa yote, tangu siku ya harusi mpaka leo, na Mama Spana aliona anavyoelewa.

"Iko wapi, Mama? Umeiacha nyumbani?"

Mkono wa mama mkwe ulikwenda kifuani.

"Mama. Iko wapi?"

"Mume wako alipita jioni ile," alisema. Sauti ilikuwa imemtoka nusu. "Alilalamika kazini wanawachelewesha na filta, gari lake limepitiliza. Akaiona mezani. Akasema aina ni hiyo hiyo, inaingia. Nikampa, mwanangu. Akaifunga mwenyewe pale pale uani. Nikamwambia asimwambie mdogo wake, asije akaumia kwamba nimeikataa zawadi yake."

Siku mbili. Mara nne kwa siku kwenye mlima huu, kupanda na kushuka, injini ikichemka, watu kumi na wanne ndani.

Mwenye teksi alitazama saa yake. "Anashuka saa ngapi?"

"Sasa," alisema Mama Spana.

Alikuwa ameshaanza kukimbia. Punda alikuwa ametazama juu, na uwanja ule ulikuwa mwembamba, ilibidi amgeuze. Mwenye teksi alisimama ukingoni kabisa, visigino vikining'inia hewani, akimwelekeza. "Njoo. Njoo. Njoo. Simama! Kata kushoto!" Tairi la nyuma lilisukuma kokoto, zikaporomoka, na hazikusikika zikifika chini. Mara ya pili. Gia ikagoma, ikaingia. Mara ya tatu. Pua ya Punda ikatazama mjini.

Hapo ndipo waliposikia honi.

Haikupigwa mara tatu. Ilipigwa mara moja, ikashikiliwa.

Ilitoka juu, kona ya sita, ikapita nyuma ya mwamba, ikazidi kukua. Chini ya honi ile Mama Spana alisikiliza mlio wa injini, kama anavyousikiliza kila siku akiwa na kikombe cha chai mkononi. Hakuusikia. Gari lilikuwa linakuja kimya, na watu ndani wakipiga mayowe.

"Atalizuiaje?" shemeji alipiga kelele. "Shemeji, atalizuiaje?"

"Mimi ndiye nitakayelizuia. Nenda chini kawasimamishe wanaopanda. Kimbia!"

Shemeji alilivua lile shati jeupe la pasi, akalipunga juu ya kichwa na kukimbia nalo kifua wazi kwenye mteremko, akilia na kupunga.

Mwenye teksi alikuwa ameelewa kabla ya kuambiwa. "Unataka akugonge nyuma."

"Nataka aniegemee. Nikiwa nakwenda kasi yake hatanigonga, ataniegemea tu. Breki za Punda ni nzima, nimezifunga mwenyewe."

"Na usipoipata kasi yake?"

Mama mkwe alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili, uso wake uko sawa na wa mkwe wake, karibu kuliko walivyowahi kukaribiana tangu siku ya harusi. Mama Spana alingoja kuambiwa mwokoe mwanangu.

"Mrudi wote wawili," alisema mama mkwe. "Umenisikia? Wawili."

Akaachia mlango.

Kwenye kioo cha pembeni gari la wafanyakazi lilitokea kona ya tano, limeinamia upande, moshi wa breki ukitoka kwenye magurudumu. Nyuma ya kioo cha mbele aliliona shati la bluu la mumewe, alilolipiga pasi yeye jana jioni. Alikuwa amesimama wima juu ya breki kwa miguu yote miwili. Kisha akamwona Punda barabarani mbele yake, na Mama Spana, kutoka mbali kote kule, aliuona mdomo wake ukisema hapana.

Mama Spana akatia gia ya pili, akaondoa mguu kwenye breki.